Mazingaombwe: nianze na watoto au na wazee?

Kofia_ya_Bombo

Wandugu, nina miezi saba tu katika mazingaombwe. Mchana natengeneza simu hapa Bombo, Uganda, usiku nafanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati la mama. Ninayoyamudu ni manne: kupoteza sarafu, mipira ya sponji, kamba tatu za urefu tofauti zinazokuja kulingana, na gazeti la Bukedde linalochanwa likarudi zima.

Jumamosi jirani aliniita kwenye sikukuu ya kuzaliwa ya mwanawe. Watoto 25 hivi, wadogo wa miaka mitatu, wakubwa wa kumi. Nilidhani watoto ni wepesi. Wapi! Nilipoipoteza sarafu ya 500, ile ya korongo, mtoto wa miaka minne alinitazama kama niliyemwambia kesho ni Jumapili. Kaka yake wa miaka tisa alikuwa ameshazunguka nyuma yangu: "Iko mkono wa kushoto!" Mwingine akawa ananing'inia kwenye mfuko wa koti. Kamba nilizimaliza nimezingirwa kama muuza maji kwenye paki ya taksi.

Sasa mjomba anataka niwachezee wazee siku ya Idi. Watakuwa kama 15, wengi Wanubi wa hapahapa: wazee waliokuwa jeshini, na mabibi wanaosuka tabaga, vile vifuniko vya chakula. Hapo ndipo ninapoogopa. Mtoto akichoka ataondoka akacheze. Mzee akichukia, kufikia magharibi mtaa mzima utakuwa umesikia kwamba kijana wa fulani ni mchawi. Kwa anayeanza, wapi afadhali? Na karata niende nazo?

Leso_Saba

Pole, kijana, ila yote uliyoyaona ni ya kawaida. Nina miaka 11 kwenye sherehe za watoto, Ntinda hadi Entebbe. Wa miaka minne bado hajajua kwamba sarafu *haiwezi* kupotea. Utamshangaza kwa lipi? Na ule ujanja wa kuukodolea mkono mtupu ili watu nao wautazame, mtu mzima anaingia kwa sababu amezoea kufuata macho ya mwenzake. Mtoto anatazama anapotaka yeye.

Kwao punguza vidole, zidisha ujinga. Leso yangu hubadilika rangi nyuma ya mgongo wangu na mimi ndiye wa mwisho kujua. Wakipiga kelele "Iko nyuma!", nageukia upande siko. Leso moja, dakika tano za vurugu, na wale wa miaka tisa waliokuwa wakitafuta siri sasa wako kazini wakinielekeza mimi mjinga.

Halafu mgongo wako uwe ukutani, daima. Tandika kamba sakafuni kabla hawajaingia, na useme msaidizi atachaguliwa miongoni mwa wasioivuka. Dakika 25 zinatosha, tena kabla ya keki.

Nesi_Mstaafu_Jinja

Mwanangu, wazee nimewauguza miaka thelathini na sasa mimi mwenyewe ni mmoja wao. Usije ukawafanya watoto wenye mvi, "haya, tupige makofi".

Mwenye mtoto wa jicho haioni sarafu yako ukiwa mita tatu. Keti, sogea, macho yenu yalingane. Dirisha lisiwe nyuma yako, maana watakuona kivuli tu. Chukua leso nyekundu uivutie mbele ya kanzu nyeupe. Sema taratibu ukiwaelekea, maana asiyesikia vizuri anakusoma midomo. Mipira ya sponji ni mizuri, lakini mwenye vidole vya baridi yabisi usimwambie akaze ngumi. Mwekee kiganjani, afunike kwa mkono wa pili.

Na useme mapema kwamba ni kiinimacho, umejifunza, umefanya mazoezi. Usitaje jini, usipulize kiganja, usinong'one maneno yasiyoeleweka. Pete ya mjane usiiguse kabisa. Karata ziache nyumbani: namba zake ndogo, na wengine wataona umewaletea kamari siku ya Idi.

Taksi_ya_Mwisho

Naunga mkono la karata. Mimi nililiwa 20,000 na jamaa wa karata tatu, na hadi leo nikiona mtu anachanganya karata hata kwa mchezo, mkono unaenda mfukoni wenyewe.

Kofia_ya_Bombo

Nimerudi na habari. Nesi, shikamoo, nilikaa kwenye mkeka kama ulivyosema. Mjomba alinitafutia senti kumi ya zamani, ile yenye tundu katikati, ya wakati wa shilingi ya Afrika Mashariki. Niliitunga kwenye uzi, mabibi wawili wakashika ncha, nikaichomoa. Walishangaa kidogo tu. Kisha wakaanza kubishana senti kumi ilikuwa inanunua nini, na nikakaa robo saa sina kazi.

Nilipopoteza sarafu ya 500, mzee mmoja wa jeshi akacheka. "Hii ndogo. 1987 nilipeleka shilingi 50,000 za zamani kubadilisha kwa pesa mpya, wakafuta sifuri mbili, wakakata kodi asilimia 30, nikarudi na 350. Na hakuna aliyepuliza kiganja." Mkeka wote ukalipuka.

Ila kamba! Nilizikabidhi kwa Hajati mmoja azikague, nikisahau kwamba kusuka ndiyo kazi yake tangu msichana. Alizipitisha vidoleni mara moja tu, hata hakuzitazama. Akanivuta sikio: "Ya kati ina uongo. Sisemi." Na kweli hakusema, akanirudishia na kupiga makofi kuliko wote.

Leso_Saba, ile leso ya rangi mbili naipata duka gani Kampala, au nishone mwenyewe? Yule wa miaka tisa bado nina deni naye.