Baba anavuta, mama havuti, wote wanakohoa. Nimjibu nini mzee?

BintiKonde

Assalaam alaykum wanajamii. Kunradhi, maelezo yatakuwa marefu kidogo.

Wazee wangu wako Pemba, upande wa Konde. Baba umri umeshapita sitini. Sigara kaanza ujanani, na kabla ya kushughulika na mikarafuu alikuwa akichoma chokaa. Wenye kulijua tanu la chokaa wanajua moshi ule wa magogo ya minazi, unakesha na kuamka hapo hapo. Msimu huu wa karafuu hakupanda mti hata mmoja. Alikaa chini na kina mama kuchambua, na akibeba polo la makonyo anasimama katikati ya njia, mikono kaegemeza magotini, anatoa pumzi kwa midomo iliyobana kama anayepuliza moto wa kuni mbichi. Asubuhi akianza kukohoa mtaa mzima unajua mzee kaamka.

Tulimpeleka spitali, akapigwa picha ya kifua, tukaambiwa hakuna kitu kikubwa. Akapewa dawa ya kikohozi na kuambiwa aache sigara. Hapo ndipo ilipoanza vita. Jawabu yake kwa kila mtu ni moja: "Mama yenu hajagusa sigara tangu azaliwe, mbona naye anakohoa? Basi si sigara." Na kweli mama anakohoa, kifua kinambana, hasa akitoka jikoni. Kaka zangu wameshanyamaza, hawana la kumjibu.

Naomba ushauri: hoja ya baba ina ukweli? Kwa umri wake kuacha kuna faida gani, au mapafu yameshakwisha? Na kwa pesa ndogo tuliyonayo, tuanze na vipimo au tumnunulie mama jiko la gesi?

Mtoto wa Ng'ambo

Wa alaykum salaam. Huyo mzee angesoma angekuwa wakili. Babu yangu kavuta sigara kali mpaka themanini na ushei, na kilichomuua ni kuanguka mnazi. Mwacheni mzee wa watu apumzike.

Tabibu wa Zamu

Mtoto wa Ng'ambo, waliovuta wakafika themanini tunawaona kwa sababu wamefika. Waliokufa hamsini na tano hawako barazani kuhadithia.

BintiKonde, baba yako ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo hiyo ndiyo mtakayomshinda nayo. Mama anakohoa kwa moshi wa jiko, yeye kwa moshi wa sigara na ule wa tanu aliomeza miaka yote ile. Mapafu hayaulizi moshi umetoka wapi. Chembe zinazodhuru zaidi hazizidi mikroni 2.5 kwa upana, na unywele mmoja wa kichwani una kama mikroni 70, kwa hiyo pua haizizuii, zinashuka mpaka chini kabisa. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 za chembe hizo kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Banda la jiko lisilo na dirisha, kuni zikiwaka, linafika mamia. Mama havuti, lakini amekuwa akivutishwa.

Kuhusu kuacha. Ndani ya njia za hewa mna vinyweleo vidogo vinavyosukuma makohozi kwenda juu. Sigara inavilemaza, makohozi yanatuama usiku kucha, ndiyo maana ya kikohozi kile cha asubuhi. Hili linarekebika akiacha. Tahadhari moja: wiki za mwanzo anaweza kukohoa zaidi, kwa kuwa vinyweleo vimerudi kazini. Mwambieni mapema, la sivyo atasema "nilipokuwa navuta nilikuwa mzima" na atawasha nyengine. Lisilorekebika ni vifuko vya hewa kule mwisho wa mapafu. Kuta zake zikishaharibika hazijengeki tena. Basi alichopoteza hakirudi. Lakini mapafu ya kila mtu hupungua nguvu kwa umri, ya mvutaji hupungua upesi zaidi, na akiacha kasi ile hushuka ikakaribia ya asiyevuta. Hata mzee anaipata faida hiyo. Na hatari ya saratani ya mapafu hupungua kwa karibu nusu miaka kumi baada ya kuacha.

Vipimo sasa. Amekohoa zaidi ya wiki mbili, kwa hiyo kabla ya jambo lolote makohozi yapimwe kifua kikuu. Yake na ya mama pia. Vituo vya serikali hawatozi kwa hilo, na mvutaji yuko hatarini zaidi kuugua TB. Ikiwa si TB, ulizeni kipimo cha kupuliza kwenye mashine. Picha ya kifua kuwa safi si ushahidi kwamba njia za hewa ziko wazi, na wengi hurudishwa nyumbani kwa picha hiyo. Kwenye mashine anajaza pumzi mpaka mwisho, kisha anapuliza kwa nguvu mpaka hewa iishe. Ikiwa baada ya kupewa dawa ya kutanua kifua hewa ya sekunde ya kwanza haifiki asilimia 70 ya yote aliyotoa, njia zimebana kwa kudumu. Huo ndio ugonjwa tunaouita COPD. Watu wengi wanao na wanaambiwa ni pumu ya uzeeni.

Akitema damu, midomo ikigeuka rangi, akishindwa kumaliza sentensi moja kwa kuhema, au miguu ikivimba, msisubiri miadi. Mpelekeni siku hiyo hiyo.

Mama Nasra

Mwanangu, mimi nazungumzia jiko tu, hayo mengine tabibu kashayamaliza. Kama gesi haijapatikana msikae mkaisubiri. Toeni mafiga nje penye upenu, au toboeni ukuta wa banda pande mbili zinazotazamana ili upepo upite. Tundu moja halisaidii, moshi unazunguka ndani. Kuni ziwe zimekauka kweli, zipangwe juu pasipofika mvua. Makumbi yenye unyevu ndiyo mabaya kuliko yote, yanatoa moshi mweupe unaokata macho. Maharage yarowekwe usiku, yataiva kwa moto mdogo. Na wajukuu wasikae jikoni kuota moto, vifua vyao bado vichanga.

Mtaambiwa mtumie mkaa kwa kuwa hauna moshi. Ni kweli hauonekani, lakini una hewa ya sumu isiyo na harufu. Msiuingize chumbani madirisha yakiwa yamefungwa, hata kukiwa na mvua.

Halafu chetezo. Hakuna atakayekwambia hili kwa kuona haya: udi na ubani kila magharibi ndani ya chumba kilichofungwa, na dawa ya mbu ya kuchoma chini ya kitanda, vyote ni moshi. Mimi udi siachi, lakini nafungua madirisha.

Dawa za Asili Darajani

Mpeni asali, habbat soda na tangawizi asubuhi kabla ya kula, na afukizwe mvuke wa mkaratusi. Mapafu yatasafishika kabisa. Aniandikie pembeni nimtengenezee.

Tabibu wa Zamu

Asali inatuliza koo, sina ugomvi nayo. Mapafu "kusafishika kabisa" hakuna. Na mwenye kifua kilichobana ukimfunika shuka juu ya chungu cha mvuke unaweza kumuunguza au kumzidishia kubanwa. Uzi huu si wa biashara.

Mvutaji Mstaafu

BintiKonde, baba anafunga Ramadhani? Basi jawabu liko nyumbani kwenu. Mwezi mzima hashiki sigara kuanzia alfajiri mpaka magharibi, na hafi. Msimpigie kelele kuhusu saratani. Mimi nilipotajiwa saratani nilitoka nje nikavute. Mwambieni aongeze saa zile anazozijua mwenyewe. Baada ya futari ndiyo sigara ngumu kuliko zote, hapo awe na shughuli: tarawehe, bao, mjukuu, chochote. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo zenye hasira na kichwa kuuma, zikipita inalegea. Na asije akahamia kwenye shisha kwa kudhani maji yanachuja. Hayachuji, na kikao kimoja cha shisha kina moshi mwingi kuliko sigara moja. Ugoro na tambuu ya tumbaku pia vinamrudisha kwenye nikotini ile ile.

Akishindwa, asitukanwe. Wengi tumeshindwa kabla ya kufaulu.

BintiKonde

Allah awalipe kheri nyote. Nimezungumza nao kwa simu. Nilianza na "baba una haki, mama kweli anakohoa kwa moshi", akanyamaza, maana hakutarajia kupewa haki. Makohozi kakubali, watakwenda wote wawili. Sigara kasema "tutaona Ramadhani." Tabibu, kuna pampu ya salbutamol aliwahi kupewa, anasema haimsaidii, inaishia mdomoni.

Tabibu wa Zamu

Wengi hawakuonyeshwa namna ya kuitumia. Chukueni chupa safi ya plastiki ya nusu lita, kitako mkitoboe tundu linalokamata mdomo wa pampu bila kuvujisha. Anashika mdomo wa chupa kwa midomo, mnabonyeza mara moja, anavuta pumzi za taratibu nne au tano kutoka ndani ya chupa. Akihitaji ya pili, mnatikisa pampu kwanza. Lakini hiyo inafungua kifua kwa saa chache tu, haitibu ugonjwa, na kipimo bado anakihitaji.

BintiKonde

Ahsante sana, nitamtumia kaka maelezo haya. Gesi sasa ndiyo mtihani: mama anasema mchuzi wa gesi hauna ladha, atakubali kuchemshia chai tu.

Mama Nasra

Akubali hiyo hiyo chai, na maji ya kuoga ya baba. Hesabu mara ngapi kwa siku kuni zinawashwa kwa ajili ya maji tu. Mchuzi aupike anapotaka, lakini uani.