Mrejesho: laptop nzito, tatizo lilikuwa diski

Habari zenu wakuu. Wiki 2 zilizopita niliwauliza kama nipige Windows upya (yaani niisakinishe tena), maana laptop yangu ilikuwa inachukua dakika 7 kuwaka. Wengi mlisema piga tu. Mmoja wenu akaniomba kwanza nibonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ifunguke Task Manager, nitazame diski inavyofanya kazi. Ndugu, nakushukuru sana.

Matumizi ya diski yalikuwa asilimia 100 hata nikiwa sijafungua kitu, huku ya prosesa yakiwa asilimia 6. Nikainamisha sikio karibu na kibodi, upande wa kushoto: tik, tik, kimya, tik. Ni diski ya kuzunguka, ya mwaka 2015, na programu ya kukagua afya yake ikaonyesha sekta mbovu kibao, yaani sehemu za diski zilizoharibika. Ningepiga Windows juu ya diski inayokufa, na kwa kuwa nilipanga kufuta kila kitu, picha za marehemu mama zingekwenda na maji.

Basi nikanakili mafaili yote kwenye diski ya nje kabla ya lolote. Fundi akafungua skrubu 11, akatoa ile ya zamani, akaweka SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi) ya GB 256. Hapo ndipo Windows ikapigwa upya. RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ni ileile ya GB 4, nitaongeza nikipata hela.

Sasa inawaka kwa sekunde 20. Diski ya zamani iko kwenye droo, siitupi mpaka nihakiki picha zote, moja baada ya nyingine.