Kaka yuko Marekani, ploti yetu ya Kiamunyi imekwama, na kila mtu ananiambia nisubiri

Nimechoka kuambiwa nisubiri. Nina nusu ya ploti ya hamsini kwa mia huku Kiamunyi, Nakuru, na nusu nyingine ni ya kaka yangu mkubwa anayeishi Marekani. Hatimiliki ina majina yetu wawili na inasema wazi kila mmoja ana nusu yake. Tulinunua pamoja, tukajenga nyumba za kupangisha, kisha yeye akasafiri.

Reti za kaunti nalipa mimi. Shimo la choo likijaa, mpangaji hampigii mtu wa Dallas, ananipigia mimi. Paa likivuja, tanki likipasuka, mtu akihama usiku na deni la kodi, ni mimi. Lakini kodi ikiingia, kaka anataka nusu yake hata kabla fundi hajalipwa. Nikimwambia aninunue au nimnunue, jibu ni lilelile: "Tutaongea nikija Disemba." Disemba inapita, haji, na bei hataji. Angeweza kwenda kwa notari huko aliko, atie sahihi hati ya kumpa mtu mamlaka ya kumwakilisha, iletwe isajiliwe hapa. Hataki.

Na huku kuchelewa kunatugharimu. Nilipomtajia kuuza mara ya kwanza, kodi ya serikali kwenye faida ya kuuza ardhi ilikuwa asilimia 5. Tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Nani atanirudishia hiyo tofauti?

Wazee wa familia wananiambia yeye ndiye mkubwa, nisimpeleke ndugu yangu kortini. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuchangia mfuko wa simiti. Kilichonichoma zaidi ni wakili wa kwanza niliyemwendea: alipokea pesa ya ushauri akaniambia bila sahihi ya kaka hakuna lolote linalowezekana.

Si kweli! Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 ipo, someni wenyewe. Kifungu cha 94 kinamruhusu mmiliki mwenza kuomba ardhi igawanywe hata kama mwenzake hakubali. Yangu haigawanyiki, maana nyumba zimejengwa kwa mstari mmoja na ukikata katikati mmoja anakosa njia. Hapo ndipo kifungu cha 96 kinaingia: ukidai iuzwe na mkashindwa kuelewana, korti inaagiza ithaminiwe, kisha inaweza kuamuru iuzwe, na mmiliki mwenza ana haki ya kuinunua. Hata nikitaka kumuuzia mtu wa nje nusu yangu, kaka anapaswa kukubali kwa maandishi, lakini kifungu cha 91 kinasema asikatae bila sababu ya maana. "Nikija Disemba" ni sababu gani?

Na hii hadithi kwamba mtu aliye ng'ambo hashtakiwi, iacheni. Korti inaweza kutoa ruhusa apelekewe samansi huko nje, na tangu 2020 kanuni zinakubali samansi ziende hata kwa programu za ujumbe za simu. Kaka anasoma WhatsApp yangu kila siku, alama za buluu naziona.

Wakili wa pili sasa ananiandikia barua ya madai. Ikipita bila jibu, tunaenda Korti ya Mazingira na Ardhi hapa Nakuru. Nawauliza waliopitia jambo hili, iwe hapa, Kisumu au Kakamega: mthamini alilipwa na nani? Mlipewa muda gani kumnunua mwenzenu kabla ya mnada? Na gharama za ukarabati mlizolipa peke yenu, korti ilizikata kwenye fungu la yule mwingine? Risiti zangu zote ninazo, hata za kunyonya choo.

Tafadhali, asije mtu hapa kuniambia tuongee kifamilia. Tumeongea.