Mafundi wa "Format All", mnawatia watu hatiani kwa simu zao wenyewe

Wakuu, uzi huu ni wa hasira na sitaomba radhi.

Mtu akiuliza habari za kuruti (kujipa mamlaka yote juu ya mfumo wa simu) au kuweka romu nyingine (mfumo usio wa mtengenezaji), hamkawii kumvamia: "hilo ni kosa, utafungwa." Mtu huyohuyo akipeleka Tecno au Infinix iliyogoma kuwaka kwa fundi, ikarudi inawaka lakini ina IMEI (namba ya utambulisho wa kila simu) ya simu nyingine, kimya! Kosa lenyewe ndilo hilo, na linafanyika mchana kweupe mezani mbele ya mteja.

Linatokeaje? Uzembe tu. Simu za chipu ya MediaTek hutunza IMEI kwenye patisheni (vyumba vya hifadhi ya ndani) za nvram na nvdata. Fundi anafungua SP Flash Tool, programu ya kompyuta ya kuwekea simu mfumo, anapakia skata faili (ramani ya patisheni), na badala ya kuacha "Download Only" anachagua "Format All + Download", eti inasafisha vizuri. Inasafisha kweli, mpaka nvram inakwenda na maji. Simu inawaka, ukipiga *#06# unakuta patupu, laini haishiki mtandao. Na fimwea (mfumo wa simu kutoka kwa mtengenezaji) aliyopakua haiwezi kuirudisha IMEI yako, kwa sababu ile huandikwa kiwandani simu moja moja. Basi anachukua programu ya kuandikia IMEI na kuweka yoyote iliyo karibu: ya simu mbovu iliyolala kwenye droo, au ile aliyompa mteja wa jana.

IMEI ina tarakimu 15. Nane za kwanza zinataja aina ya simu, ya mwisho ni ya kuhakiki. Ndiyo maana unaweza kutuma IMEI kwenda 15090, namba ya kuhakiki simu, ukaambiwa una itel wakati umeshika Infinix. Na ile namba ya droo ikiwa imeingia kwenye simu tatu, siku mwenye mojawapo akiripoti ameibiwa, zinafungiwa zote. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inakataza kubadili IMEI, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilishaonyesha Juni 2016 kwamba inaweza kuzima simu feki nchi nzima. Polisi wakiikuta, wanaikuta mfukoni mwako. Fundi atasema hakujui.

Kazi safi haihitaji hata nusu saa ya ziada. Kwanza piga *#06#, piga picha IMEI zote mbili kama simu ni ya laini mbili, linganisha na boksi. Kisha tumia "Readback" kuchukua nakala ya nvram, nvdata, protect1 na protect2. Anwani ya kuanzia na ukubwa wa kila patisheni vimeandikwa kwenye skata faili hiyohiyo. Hifadhi nakala nje ya kompyuta ya fundi. Halafu "Download Only", na toa tiki kwenye preloader (programu ya kwanza kabisa kuiwasha simu) isipokuwa una uhakika fimwea ni ya modeli hiyohiyo hadi herufi ya mwisho, maana preloader ya modeli nyingine inaiua simu isiwake kabisa. Kama nvram imeshafutwa na nakala hakuna, namba pekee inayostahili kurudishwa humo ni ile iliyo kwenye boksi lako. Boksi limepotea? Tafuta risiti, au akaunti ya Google uliyokuwa umeingia nayo. Mara nyingi inaonyesha IMEI ya kifaa.

Sasa twende kwa hao wa "utafungwa". Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na kinyume cha sheria. Simu niliyoilipia ni mfumo wa nani? Hata Marekani, yenye sheria kali ya kufuli za kidijitali, tangu 2010 imetoa msamaha rasmi kwa wanaoruti simu, na 2014 ikapitisha sheria ya kuruhusu mwenye simu kuifungua itumie laini ya mtandao mwingine.

Wanaotubana hasa ni watengenezaji. Huawei iliacha kutoa kodi za kufungua butiloda (programu inayoamua simu iwake na mfumo gani) 2018. Samsung ina fyuzi ndani ya chipu: ukiweka fimwea isiyo yao, alama ya Knox, mfumo wao wa usalama, inatoka 0x0 kwenda 0x1 na hairudi tena, Secure Folder (folda ya siri) inakufa moja kwa moja. (Ukiiuza hiyo simu, mwambie mnunuzi. Kumficha ni wizi wa kistaarabu.) Xiaomi kwenye mfumo wake wa HyperOS inataka akaunti yenye zaidi ya siku 30, uombe ruhusa kwenye programu yao, na nafasi za siku zinafunguliwa saa 6 usiku ya Beijing, yaani saa 1 usiku kwetu. Unakaa unavizia kitufe kama mtu anayegombania tiketi za Simba na Yanga, kwa ajili ya kitu chako mwenyewe! Na huku kampuni nyingi za simu za bei nafuu hazitoi msimbo wa kaneli ya Linux (kiini cha Android), wakati leseni yake, GPL toleo la 2, inawalazimu. Huyo mvunja sheria mbona hamumtishi?

Programu za benki nazo ni kichekesho. Nyingi zinakataa simu yenye butiloda wazi hata kama ina romu yenye viraka vya usalama vya mwezi huu, halafu zinafanya kazi bila kinyongo kwenye Android 9 ambayo haijapata kiraka miaka na miaka.

Kama shida yako ni matangazo na programu za kiwandani tu, usiguse butiloda. Kwenye mipangilio ya simu gusa "Nambari ya muundo" mara 7, washa "Utatuzi wa USB", kwenye kompyuta yenye adb (programu ya kuiamuru simu kwa waya) andika adb shell pm uninstall --user 0 na jina la kifurushi. Ukikosea, adb shell cmd package install-existing na jina lilelile inairudisha. Usitoe kitu usichokijua jina lake, hasa vifurushi vya systemui (sura ya skrini) na vya kupigia simu, utabaki na skrini nyeusi.

Simu za mkopo siziingizi humu. Hujamaliza kulipa, usitafute wa kutoa loki, mkataba uliusaini. Ila ukimaliza, dai kwa maandishi waondoe ile programu ya kufungia, kwa sababu kurejesha mipangilio ya kiwandani hakuitoi.

Mwanasheria yeyote humu mwenye kifungu kinachosema kuruti simu yako ni kosa, akiweke hapa na namba yake. Na fundi anayetetea "Format All" ajitokeze pia, aeleze IMEI anazoziandika anazitoa wapi.