Mjadala: Kundi lililozidiwa na varoa, lipewe dawa au liachwe?

Mleta mada
Wadau, msimamo wangu ni huu: kundi la nyuki lisilomudu utitiri wa varoa lisipewe dawa. Ukilitibu unamhifadhi malkia dhaifu, na madume wake wanaendelea kupanda malkia wa manzuki za jirani. Kupima usafi, yaani jinsi nyuki wanavyotoa majana (watoto wa nyuki) yaliyokufa au kuugua, si kazi ngumu. Tafuta majana yaliyofunikwa ambayo pupa wake (hatua kabla ya kuwa nyuki kamili) ndio kwanza macho yanaanza kupata rangi, toboa vyumba 100 kwa sindano nyembamba hadi ndani ya pupa, tia alama kwenye fremu, rudisha. Baada ya saa 24 hesabu vilivyobaki vitupu kabisa. Vikiwa chini ya 95 mara mbili, malkia huyo hafai.

Sega Kavu
Mkuu, sindano inamwaga majimaji ya pupa, na harufu yake inawaita hata nyuki wazembe. Hesabu yako itapanda bure. Mtafiti wa nyuki Marla Spivak wa Chuo Kikuu cha Minnesota alipendelea kuua majana kwa kuyagandisha: silinda ya kipenyo cha sentimita 7.5 inakandamizwa hadi ukuta wa kati wa sega, kisha inamiminwa naitrojeni ya kimiminika, mililita 300 hivi. Anza na kidogo kingo zigande, ndipo umalizie. Usiing'oe silinda kabla barafu yake haijayeyuka, itaondoka na nta. Miwani na glovu ni lazima. Usipokuwa na naitrojeni, kata kipande cha sega, kigandishe usiku kucha, kirudishe. Vyumba vya ukingoni vilivyovunjika usivihesabu, maana hivyo husafishwa na kundi lolote.

Tatizo kubwa zaidi: kipimo hiki kinaonyesha wanavyoondoa maiti. Pupa mwenye varoa yu hai. Kundi linaweza kupata 98 na bado likajaa utitiri. Tabia ya kufunua vyumba ambamo utitiri unazaana ni nyingine, na ndiyo waliyoichagua watafiti Harbo na Harris kule Baton Rouge, Louisiana.

Njiti ya Kiberiti
Mnasahau bakteria. Mtafiti Rothenbuhler alionyesha mwaka 1964 kwamba usafi una hatua mbili, kufunua na kuondoa, na zinarithiwa mbalimbali. Yapo makundi yanayofunua tu na kuacha. (Yeye alidhani ni jeni mbili. Sasa inajulikana ni zaidi.) Kwa Paenibacillus larvae, bakteria wanaoozesha majana, kila kitu kinategemea muda. Jana likitolewa kabla spora (mbegu ngumu za bakteria) hazijaundwa, ugonjwa unakatika. Likichelewa, msafishaji anabeba spora mdomoni na kuzipeleka kwa walezi wanaolisha majana machanga. Kwa hiyo kauli ya "liachwe" hapa ni hatari: kundi likidhoofika, majirani wanaliibia asali na kuondoka na spora zinazodumu miaka zaidi ya 30. Chokoa chumba kwa njiti, vuta polepole. Ukipata uzi wa kahawia wa sentimita 2 au 3, funga mlango jioni, ua kundi, choma masega shimoni. Antibiotiki haiui spora.

Mleta mada
Kwa bakteria sibishani, chomeni. Mimi nazungumzia varoa.

Fundi Mizinga
Na varoa nao huhama kundi linapoanguka, hivyo hoja ya kuibiwa iko palepale. Ndugu, kutibu na kuchagua havigombani. Kusanya nyuki 300 kutoka sega la majana, kama nusu kikombe, baada ya kuhakikisha malkia hayumo. Watikise ndani ya spiriti dakika moja, chuja, hesabu. Utitiri 9 ni asilimia 3: tibu, na malkia huyo mwandike kwenye orodha ya kuondolewa. Malkia mpya naye usimpime mapema. Kabla ya wiki 6 hadi 8 bado unapima nyuki vibarua wa aliyemtangulia. Tena anapandwa na madume 10 hadi 20, kwa hiyo binti wa malkia bora anaweza kuzaa kundi la wastani tu.

Mleta mada
Orodha haiwazuii madume kuruka. Wakati malkia mpya anasubiriwa, hao wa zamani wameshapanda.

Fundi Mizinga
Kata sega la madume likishafunikwa, kabla ya siku ya 24 tangu mayai yatagwe. Madume hawatoki, na utitiri unaopenda vyumba vyao unaondoka nao. Ukichelewa siku mbili tu, umefuga utitiri.