Remu Aaltonen wa Hurriganes: mpiga dramu na mwimbaji kwa wakati mmoja

Mpenzi wa Roki: Ndugu wanajukwaa, nimevutiwa na Hurriganes, bendi ya Ufini iliyovuma miaka ya 1970. Naomba mwenye kumfahamu Remu Aaltonen anieleze alikotoka, na aliwezaje kuimba huku akipiga dramu.

Mzee wa Santuri: Henry Olavi Aaltonen, maarufu kama Remu, alizaliwa Helsinki mwaka 1948, naye ana asili ya Waroma, yaani jamii ya Wajipsi wa Ulaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliunda Hurriganes, ambamo Cisse Häkkinen alipiga besi na kuimba baadhi ya nyimbo, huku gitaa likishikwa kwanza na Ile Kallio, kisha na Albert Järvinen, ambaye ndiye tunayemsikia katika albamu ya Roadrunner ya mwaka 1974. Asiyeisikia hiyo bado hajaijua bendi.

Fimbo Mbili: Kuhusu kuimba, siri imo katika urahisi wa mapigo yenyewe. Mikono ikishazoea mdundo mmoja ulionyooka, sauti hupata nafasi ya kutupa vifungu vifupi, navyo Remu aliviimba kwa Kiingereza chake mwenyewe kisichojali sarufi. Binafsi naona mwalimu wa lugha angeuharibu muziki ule.

Mzee wa Santuri: Niongeze kwamba Häkkinen alifariki mwaka 1990 na Järvinen mwaka uliofuata. Remu aliendelea kutoa kazi kwa jina lake, na mwaka 2007 ikatoka filamu ya Ganes inayosimulia historia ya bendi hiyo.