Tangi la sentimita 90, mimea inayeyuka: nipande nini safari hii?

Mkazi wa Entebbe
Habari za jioni wakuu. Nina tangi la kioo la samaki na mimea ya majini, sm 90 kwa 45 kwa 45, kama lita 180 hivi, nililotengenezewa na fundi wa madirisha. Liko sebuleni mbali na dirisha. Taa mbili nyeupe za LED, wati 18 kila moja, filta ya sifongo, na chini mchanga wa Lwera nilioosha mpaka vidole vikakunjamana. Gesi ya kaboni ya kulisha mimea sina na sina mpango nayo.

Mara ya kwanza nilifuata macho. Nilinunua mimea myekundu, Alternanthera na ile Cabomba ya waridi, kwa sababu kwenye picha ilikuwa inawaka kama shada la bibi harusi. Wiki ya tatu Cabomba imebaki nyuzi, na majani ya Alternanthera yanaelea moja moja, ya kahawia, kama chai iliyosahaulika kikombeni. Kilichostawi ni mwani tu.

Nimetenga laki mbili nianze upya. Nyuma nataka ukuta wa kijani, katikati gogo lenye mimea, mbele mchanga mtupu. Kukiwa na chekundu kisichodeka nitashukuru. Samaki ni nkejje sita, wale wadogo wa Ziwa Victoria. Jirani yangu mvuvi anasema nisipoteze hela, ataniletea gunia zima la mimea ya ziwani bure. Mnasemaje?

Masese Jinja
Jirani hajakosea sana. Nyuma weka Vallisneria, ile yenye majani kama utepe. Humu Ziwa Victoria inaota yenyewe, na bomba lako la Entebbe linakunywa ziwa hilohilo. Panda miche sita tu, itatambaa chini ya mchanga na kuzaa mingine. Angalia pale jani linapokutana na mzizi, pale peupe: pasifukiwe. Wengi wanafukia halafu wanalaumu maji.

Wasiwasi wangu ni nkejje. Dume akianza kuchumbia anachimba shimo la ukubwa wa sahani, na miche inang'oka yote. Zungushia mawe mpaka mizizi ishike.

Dada wa Maabara
Samahani nawakatiza. Huyo mvuvi anavuna mkono mtupu? Pwani za ziwa letu zina kichocho. Vijidudu vinatoka kwa konokono, vinaogelea na kupenya ngozi. Vikikosa mtu havimalizi siku mbili, sawa, lakini konokono mwenyewe akiingia ndani ya tangi lako ataendelea kuvitoa. Na wewe kila Jumapili unatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko ukifuta vioo.

Konokono huyo ana gamba bapa lililojikunja kama pembe ya kondoo. Shida ni kwamba wapo konokono wa mapambo wanaofanana naye sana, kwa hiyo usijifanye mtaalamu wa kumtambua. Mmea wowote wa ziwani: glavu ndefu, kagua chini ya kila jani, loweka kwenye maji ya pamanganeti (ile dawa ya zambarau ya kuua vijidudu) ya rangi ya waridi hafifu dakika kumi, suuza, kisha uweke ndooni peke yake wiki kadhaa. Mimi ningenunua miche michache kwa mtu anayeifuga ndooni, yaishe.

Fundi wa Bugolobi
Namuunga mkono dada. Sasa nije kwenye gogo, maana ndipo watu wanapoharibu. Chukua Anubias. Asili yake Afrika Magharibi, majani magumu kama ngozi, nkejje wataonja na kuacha. Lile shina nene linalolala USILIFUKIE, litaoza. Lifunge kwenye gogo kwa uzi wa mshipi, baada ya miezi mizizi itashika yenyewe. Iweke kivulini: inakua polepole mno, na jani linalokaa mwezi mzima chini ya taa kali linaota ndevu za mwani.

Chini ya gogo weka Cryptocoryne wendtii ya kahawia, ya kutoka Sri Lanka. Hiyo ndiyo rangi yako isiyodeka. Lakini sikia, kaka: ukishaipanda itayeyuka. Majani yote yanaweza kuwa uji ndani ya wiki mbili. Usiing'oe! Mizizi iko hai, itatoa majani mapya yaliyozoea maji yako. Mimi nilitupa miche minane kabla mzee mmoja hajaniambia nimezika wagonjwa wakiwa wazima.

Taa saa saba kwa siku, basi. Hiyo saa kumi na mbili unayowasha sasa (najua unawasha) ndiyo inayolisha mwani.

Masese Jinja
Na chakula cha mizizi je? Mchanga wa Lwera hauna kitu. Finyanga vidonge vya murram, ule udongo wetu mwekundu una chuma cha kutosha. Anika, kisha sukumiza kimoja kimoja chini ya kila Cryptocoryne.

Fundi wa Bugolobi
Murram na nkejje wanaochimba? Atapata tangi la chai ya maziwa. Anunue vidonge vya dukani.

Masese Jinja
Langu lina mwaka wa tatu na maji yako safi.

Fundi wa Bugolobi
Una nkejje?

Masese Jinja
... Guppy. Sawa, hawachimbi.

Arua Kwetu
😂😂 Mimi naongeza moja tu. Mtu asije kukushawishi gesi ya chupa ya soda, sukari na hamira. Inafanya kazi, lakini hamira hailali usiku mimea inapoacha kutumia gesi. Niliamka alfajiri nikakuta samaki wote wamejipanga juu wanahema. Wanne nilishawakosa.

Dada wa Maabara
Na mimea ikizidi, anika juani ife kabisa ndipo utupe. Gugu maji nalo lilitoka Amerika Kusini likipendwa kwa maua yake. Mnajua lilivyofanya huku.

Mkazi wa Entebbe
Asanteni sana. Taa kweli zilikuwa saa kumi na mbili, sijui mmejuaje. Naenda na Vallisneria sita za kununua, Anubias mbili kwenye gogo, Cryptocoryne tano, vidonge vya dukani. Nyekundu nimesamehe.

Tatizo ni kwamba jirani hakungoja jibu. Asubuhi nimekuta gunia mlangoni linavuja. Nimeinua jani moja kwa kijiti, chini yake kuna ute mkavumkavu kama gundi, wenye vidoti. Dada wa Maabara, ni nini hiki?

Dada wa Maabara
Mayai ya konokono. Mama zao wamo humo gunia. Watoto wasilisogelee, na wewe vaa glavu kabla hujaligusa.